Ushahidi juu ya Jiwe la Ramazani

Anvers, Ubelgiji, Jumapili asubuhi

Kwa Mama yangu mpenzi, na kwa kikao chote kitakachokuwa kimeketi uani kwetu Katindo siku ya Ijumaa baada ya sala.

Asalaam aleikum.

Naanza na Baba Mukubwa Sefu, kaka yake marehemu baba yetu na kichwa cha nyumba, kwa sababu hakuna neno linaloingia katika nyumba ile bila kupita mbele yake. Nakusalimia kwa heshima, Baba Mukubwa, nikiuliza hali ya goti lako na kama ile dawa ya kupaka ilifika. Namfuatia Mama, ambaye moyo ungemtaja wa kwanza kama adabu isingeushika mkono. Mama, nauliza presha yako, nauliza usingizi wako, nauliza kama lile bati la upande wa jikoni limepigiliwa kabla mvua hazijakaza. Namsalimia Mwalimu Idi, jirani yetu na mwalimu wetu wa Kurani, niliyemwomba asome maneno haya kwa sauti yake, ili asiwepo mtu wa kusema baadaye kwamba alisikia vingine. Namsalimia Shangazi Mwajuma, dada yake baba, ambaye kicheko chake nakisikia hata huku. Namsalimia Yaya Zaina, dada yangu mkubwa, ambaye najua ameketi karibu na mlango wa jikoni na anajifanya anachagua mchele. Na ninyi wengine wote, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja apokee salamu yake kwa jina lake.

Mimi ni mzima. Nasema hivyo kwa maana ya mwili. Zaidi ya mwili sitasema uongo mbele ya kikao: kuna siku mtu anakuwa mzima na bado hayupo. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe, na karatasi zangu za kuishi huku ziwe mezani kwa watu wanaofanya upya karatasi, nimeacha kuhesabu ni mara ngapi nimeshalifunga sanduku langu katika akili na kulifungua tena. Naota vitu vidogo. Naota sambaza, visamaki vya ziwa letu, wanaokaangwa nyumba ya jirani, harufu ikapita juu ya ukuta bila kuomba ruhusa. Naota vumbi letu jeusi linalobaki kwenye soksi nyeupe hata zifuliwe namna gani. Juzi nilisimama dukani mbele ya jibini, nikaona jibini nyingi za kila nchi, nikatoka bila kununua kwa sababu haikuwepo ya kwetu, ya milima ya Masisi. Mwenye duka aliniuliza natafuta nini. Nilimwambia natazama tu.

Kazi yangu mnaijua kwa juu juu, na wengine wenu mnadhani nalala juu ya almasi. Niieleze vizuri leo, kwa sababu bila kuijua kazi hii hamtaujua ushahidi niliouleta.

Mimi ni mchaguzi wa mawe. Nakaa mezani mbele ya dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa mwanga wa kaskazini huku hautegemei jua, haubadiliki rangi kati ya asubuhi na alasiri. Juu ya meza kuna karatasi nyeupe. Almasi huja zimefungwa ndani ya karatasi zilizokunjwa kama tunavyofunga dawa ya unga, nami nazimwaga, nazigeuza kwa kibano, nazitazama kwa lenzi inayokuza mara kumi. Jiwe moja huulizwa maswali manne: uzito wake, rangi yake, usafi wa ndani, na mkono wa fundi aliyelikata. Rangi haitazamwi usoni, maana uso wa almasi unang'aa na kudanganya macho. Unalilaza kifudifudi juu ya karatasi, unalitazama kwa ubavu, tena pembeni ya mawe mengine ambayo rangi yao inajulikana. Usafi wa ndani unatafutwa taratibu, kwa kuligeuza jiwe kama mtu anayetafuta mwiba katika unyayo wa mtoto. Na hakuna jiwe lisilo na kitu ndani. Lina nukta, lina wingu, lina ufa mdogo unaofanana na unyoya. Kazi yangu ni kuandika kilichomo, si kuongeza wala kupunguza. Nimeifanya miaka kumi na miwili, na nikisaini, wengine wananunua kwa saini yangu.

Sasa nije kwenye neno lililowakutanisha.

Baba Mukubwa alinipigia simu mwezi uliopita. Sauti yake ilikuwa na kicheko. Alisema, "Kasimu, ule mutu wa kioo amerudi."

Nikauliza, "Nani, Papa?"

"Papa Kioo. Ramazani. Amefungua kibanda ya kutengeneza dhahabu kule Birere. Anasema bibi yake wa ndoa alikufaka kule Kisangani, iko na mutoto moja mukubwa. Na sasa ametuma wazee wawili hapa. Anamutaka tena dada yako." Kisha akasema, "Tutakaa Ijumaa tumujibu. Jibu unaijua. Nilitaka tu usikie, usiseme tulikuficha."

Nilimwambia asante. Kisha nikamwomba ninyi nyote mningoje, mkisogeze kikao Ijumaa chache mbele. Namshukuru kwamba alikubali bila kuuliza sababu. Sababu ndiyo barua hii.

Kwa ajili ya vijana wetu ambao wakati ule hawakuwepo au walikuwa mgongoni, nitaeleza jambo lilivyokuwa. Miaka kumi na tisa iliyopita Ramazani, sonara kijana aliyekuwa akirekebisha hereni na mikufu ya watu, alikuja kumposa Yaya Zaina. Baba yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla. Yaya Zaina, kama dini inavyompa haki bibi arusi, alitaja mahari yake mwenyewe: pete moja, na iwe ya mkono wa Ramazani. Hakutaja jiwe. Jiwe alilileta Ramazani kwa hiari yake. Alikuwa amemfanyia kazi tajiri mmoja kule Mbuji-Mayi, na tajiri huyo, badala ya mshahara, alimpa almasi ndogo, diama kama tunavyoiita nyumbani, iliyokwisha kukatwa. Ramazani aliihifadhi miaka mitatu, akaitengenezea pete ya dhahabu, akaileta mbele ya kikao chetu ndani ya kitambaa cheupe.

Siku zile mjini kulikuwa na mtu aliyekuwa akiuza vipande vya chupa kama mawe ya thamani, na watu walikuwa wameshatapeliwa. Shangazi Mwajuma aliichukua pete, akaisogeza karibu na jicho, akairudisha.

"Mutu anatengeneza hereni za batoto," alisema, "diama atatoa wapi? Hii njo chupa ya bière, ya pombe. Na humu ndani hakuna mutu anakunywa."

Watu wakacheka. Shangazi, mimi pia nilicheka, na sikutaji leo ili kukuaibisha. Ulisema kwa sauti kile ambacho wengine walikisema moyoni.

Ramazani hakucheka na hakukasirika. Alisema, "Mama, ukitaka, tuipeleke kwa mutu mwenye kujua. Nitangoja."

Hapo Baba Mukubwa akanigeukia. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka wa pili wa jiolojia, na shati langu lilikuwa na kalamu mbili mfukoni.

"Mwenye kujua tuko naye hapa," alisema. "Mutoto yetu anasoma mambo ya majiwe. Atuambie."

Nawaomba msikilize vizuri niliyoyasema, kwa sababu mimi nimeyasikia kila siku. Nilisimama. Niliweka mikono nyuma kama profesa wetu. Nikasema, "Wazee, katika majiwe yote ya dunia diama iko dix sur dix, kumi juu ya kumi. Hakuna kitu iko nguvu kuipita."

Baba Mukubwa akauliza, "Hata nyundo?"

"Hata nyundo," nikajibu. "Kama ni diama, nyundo njo itaumia."

Ramazani alinyanyua mkono. Aliomba kusema kwa adabu, akimtazama Baba Mukubwa na siyo mimi. "Muzee, musiipige. Si woga. Diama iko na njia zake ndani, kama ukuni ya mukaratusi. Ukiigonga kwenye njia yake inapasuka. Hiyo haisemi kama iko ya kweli ao ya uongo."

"Sikieni huyu," alisema Shangazi. "Jiwe ya kweli inaogopa nyundo?"

Na mimi, msomi wa nyumba, nilicheka kwa pua. Nilisema sonara asitufundishe jiolojia.

Mnajua yaliyofuata. Ramazani mwenyewe alilitoa jiwe kwenye pete kwa koleo yake ndogo, ili pete isiharibike, mkono wake ukiwa umetulia kabisa. Liliwekwa juu ya ngazi ya mlango wetu, ile ya jiwe jeusi la volkano. Nyundo iliazimwa kwa fundi wa baiskeli. Pigo la kwanza liliteleza. Pigo la pili likalivunja vipande. Baba Mukubwa alisema "Kioo," neno moja tu, na kikao kikainuka. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ukuta. Kabla ya magharibi Katindo nzima ilishampa Ramazani jina jipya, na baada ya wiki chache hakuna mtu aliyempelekea hata hereni moja ya kuunga. Akaondoka akaenda Kisangani.

Sasa naomba ukimya wa kikao.

Nilipofika huku na kuajiriwa, kwanza kufagia, halafu kubeba, halafu kufundishwa kuchagua, mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja Mhindi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso. Katika wiki ya kwanza kabisa alinifundisha hili: ugumu wa almasi ni wa kukwaruza. Almasi inakwaruza kila kitu na haikwaruzwi ila na almasi mwenzake. Lakini pigo ni jambo lingine. Ndani yake kuna njia nne ambazo kwazo inapasuka wazi, na wakataji wa zamani walikuwa wakiipasua kwa kisu butu na kirungu kidogo tu, kwa sababu walizijua njia hizo. Alinieleza akiwa anakunywa chai. Hakujua kwa nini niliomba ruhusa ya kwenda kuosha uso.

Ukuni wa mkaratusi. Ramazani alikuwa amesema neno lile lile, bila chuo chochote, na nilimcheka.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Wazee wangu, katika miaka hiyo yote nimekaa kimya. Nilijiambia kwamba huenda lilikuwa kioo kweli, kwani kioo nacho hupasuka. Nilijiambia vipande vilishafagiwa, na hakimu hahukumu bila ushahidi. Nilijiambia Yaya Zaina atapata mwingine. Watu wawili walikuja wakamposa, na wote wawili aliwakataa, nami nikamwita mkaidi mbele ya mke wa rafiki yangu. Nilikuwa napenda nyumba yetu, naililia kila nikisikia mvua, na bado nilikuwa naiogopa. Nilijua siku nitakapouliza habari za jiwe, nitakuwa nimeuliza habari zangu.

Aliyeuliza ni Yaya. Mara tu baada ya simu ya Baba Mukubwa, mama mmoja wa Goma aliyekuja kumwona mwanawe huku alinitafuta, akanipa kichupa cha wanja kilichofungwa kwa plasta. Ndani hakukuwa na wanja. Kulikuwa na vipande vitatu vya jiwe na unga kidogo. Yaya alikuwa ameviokota siku ile kwenye ngazi kwa ncha ya kidole alichokilowesha ulimini, wakati sisi tukimtazama Ramazani akitoka. Hapakuwa na barua. Nilimpigia simu.

"Nilitazame?" niliuliza.

"Kama kazi yako ni kutazama," alisema, "tazama."

Nilitazama. Natoa sasa ushahidi kwa namna ninavyoutoa mbele ya wanunuzi, bila kuongeza wala kupunguza.

Kioo kikivunjika, mahali pa kuvunjikia huwa na mviringo, mikunjo kama ya gamba la konokono. Kila mmoja wenu anaweza kuokota kipande cha chupa barabarani na kuhakikisha. Vipande hivi vitatu vimevunjika kwa uso bapa, ulionyooka, wenye vidato vidogo kama ngazi. Ndivyo inavyopasuka almasi. Nilipumua juu ya kipande kikubwa, ukungu wa pumzi ukaondoka papo hapo. Niligusa kwa chombo kinachopima jinsi jiwe linavyopitisha joto, kikasema almasi. Kwa kuwa lipo jiwe moja la kutengenezwa linaloweza kukidanganya chombo hicho, nilitumia cha pili. Kikasema almasi. Nikakaa siku mbili bila kuamini mikono yangu mwenyewe, kwa sababu mtu mwenye hatia ni shahidi mbaya, aweza kujihukumu ili apate kupumua.

Kwa hiyo nilifanya kama kazi inavyotaka. Nilivifunga vipande katika karatasi kama mawe mengine, bila jina wala habari, nikaviweka mezani kwa yule mzee Mhindi pamoja na kazi ya siku. Alivitazama dakika nzima. Kisha akashusha lenzi.

"Mpumbavu gani aliipiga hii nyundo?"

Nikamwambia, "Mimi."

Alifikiri namtania. Aliponitazama vizuri akavifunga tena vile vipande polepole, akasema, "Basi andika. Usiponyamaza leo, utakuwa umenyamaza muda mfupi kuliko wengine."

Naandika. Lilikuwa almasi. Uzito wake, lilipokuwa zima, ulikuwa karibu nusu karati. Rangi yake ina umanjano hafifu. Ndani lilikuwa na nukta moja nyeusi na unyoya mdogo, na aliyelikata alikuwa fundi wa wastani. Sitalikuza jiwe ili kukuza kosa. Halikuwa jiwe la mfalme. Lingeuzwa kwa ng'ombe wawili wa Masisi, labda watatu kwa mnunuzi mwenye haraka. Leo, likiwa vipande, hakuna atakayelinunua. Lakini lilikuwa vile alivyosema, na yeye ndiye peke yake katika uwanja ule aliyesema lililo.

Naongeza moja, ambalo halihitaji lenzi. Ile pete Ramazani aliiacha wazi mgongoni. Sonara anayetaka kuficha jiwe baya huziba nyuma, huweka hata karatasi ya rangi ya fedha chini yake ili ling'ae. Anayeacha nyuma wazi anakwambia, geuza utazame. Pete ilipita mikononi mwetu sote siku ile. Hakuna aliyeigeuza.

Wiki iliyopita nilimpigia Yaya Zaina tena kumweleza. Nilidhani atalia. Badala yake nikasikia tu cherehani za wasichana anaowafundisha kushona nyuma yake.

"Yaya, uko?"

"Niko. Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Alinionyesha mugongo ya pete kabla aniletee. Akanifundisha kutazama." Kisha akasema, "Kasimu, miaka kumi na tisa. Muliuliza jiwe. Hamukuniuliza mimi."

Nikamwambia, "Na kama ungeulizwa?"

"Ningesema jiwe mubebe, mutu muniachie."

Nilicheka, naye akacheka. Nikamuuliza kwa sauti ya kikao, kama inavyonipasa, kama anamtaka Ramazani leo. Alinijibu hivi, na nimemwomba ruhusa niyarudie maneno yake: "Kwanza mumuombe radhi. Si ju ya mimi. Ju ya jina yake. Kama munamuomba radhi na bibi mukononi, atafikiri munamulipa, na mimi sitakuwa malipo ya mutu. Akisha kutulia, kama angali ananitaka, atume watu wake tena. Hapo muniulize, na mimi nitajibu mwenyewe kwa kinywa yangu."

Wazee wangu, mimi nimesoma, na wengine wenu mmekuwa mkijivuna kwa ajili yangu. Ningetoa masomo yote nipate kukaa Ijumaa hii kwenye kile kigoda kilichovunjika mguu, nione nyuso zenu wakati Mwalimu anasoma. Huku nikitembea barabarani natazama madirisha ya maduka, pete zimepangwa kwenye mahameli, na vijana wanasimama na wachumba wao wakichagua. Wafanyabiashara wa mawe huku wakikubaliana bei hupeana mkono na kutamka neno moja la baraka, na baada ya hapo hakuna karatasi inayohitajika. Anayelivunja neno lile hanunui tena kwa mtu, hata awe na mali ya nchi nzima. Kila nikiwaona wakipeana mikono, nakumbuka kwamba kwetu mtu alikuja na neno lake, na tukaliweka juu ya ngazi.

Kabla sijamaliza, nipokeleeni salamu. Nimsalimie mke wa Baba Mukubwa, mama yangu mkubwa aliyenifundisha kufunga kanda la makaa lisimwagike. Nimsalimie fundi wa baiskeli wa kona ya kwetu, ambaye naambiwa bado yupo. Asijilaumu, yeye alituazima nyundo tu. Niwasalimie wanafunzi wa cherehani wa Yaya. Mama, wewe sikuagi. Nikianza kukuaga sitaweza kuandika yaliyobaki.

Haya ndiyo yaliyobaki.

Katika dini yetu, baba akiwa amefariki na babu hayupo, walii wa binti, yaani msimamizi wa ndoa yake, ni kaka yake kabla ya ami yake. Mwalimu Idi atanisahihisha hapo hapo kama nakosea. Maana yake ni kwamba siku ile ya nyundo, mwenye dhamana ya dada yangu mbele ya Mungu nilikuwa mimi, na Baba Mukubwa alibeba mzigo ambao mimi, kwa ujana, sikujua kama ni wangu. Namshukuru kwa miaka yote aliyoubeba. Leo nauchukua. Na kwa kuwa nauchukua, natamka yafuatayo mbele ya kikao, na naomba yashikwe.

Jibu mlilokusanyika kulitoa kwa wazee wa Ramazani, nimelifuta. Lisitamkwe. Jina la Papa Kioo lisisikike tena ndani ya ukuta wetu, hata kwa mzaha, na mwenye kulisema mbele ya watoto awarudishe watoto hao awaambie kwa nini hakufaa kulisema. Yaya Zaina asiulizwe neno lolote leo.

Ramazani alikataliwa mbele ya watu, kwa hiyo ataombwa radhi mbele ya watu. Asitumwe kijana, wala asiitwe yeye aje kwetu. Nyumba nzima itamwendea kibandani kwake Birere, kwa miguu, Baba Mukubwa mbele kwa kadiri goti litakavyoruhusu, Shangazi Mwajuma ubavuni mwake, Mwalimu Idi akiwa shahidi, na karatasi hii mkononi. Mtamwambia kwamba alisema kweli na sisi tulisema uongo, kwa maneno mepesi, bila methali. Kisha mtanipigia simu, mumpe mkononi, na yaliyo yangu nitamwambia mwenyewe. Akiwafukuza, mtafukuzika kwa adabu, na Ijumaa inayofuata mtarudi. Akikaa kimya na asitume tena watu wake, tutanyamaza pamoja naye na hatutamlaumu.

Kibanda chake hufungwa baada ya alasiri. Mwalimu akimaliza mstari huu, mtainuka, chai itangoja. Mkitoka sasa, mtamkuta.

Ni mimi mwanenu, kaka yake Zaina,

Kasimu